Gari la Shule la Umoja hadi South B: Zuri Barabarani, Lakini Tazameni Viti vya Nyuma

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya mtu binafsi mwenye magari machache ya kubebea wanafunzi, ambayo huanzia Umoja, Nairobi, alfajiri, hupitia Donholm na Buruburu, kisha hukata Eneo la Viwanda hadi South B, ambako watoto hushushwa katika shule mbili zilizo jirani. Sitalitaja jina la mwenye magari wala la shule, kwa kuwa nitakayoyaeleza yanawahusu watoto wadogo ambao majirani wanaweza kuwatambua kwa urahisi, lakini huduma za namna hii ziko katika kila mtaa wa Eastlands na ninaamini mzazi wa Komarock au wa Kayole atajiona humu. Binti yangu, ambaye sasa yuko Gredi ya 5, amekuwa akisafiri na gari hili tangu mwaka uliopita.

Mzazi anayetafuta gari la shule huuliza mambo manne: bei, saa, dereva na mikanda. Nitayajibu yote manne kwa ufupi, kisha niende kwenye swali la tano ambalo sijamsikia mzazi yeyote akiliuliza siku ya kulipa, nalo ni hili: mtoto wangu atakaa na nani humo ndani, na asipopata wa kukaa naye, ni nani atakayejua?

Bei kwetu sisi wa Donholm ni shilingi 19,500 kwa muhula, kwenda na kurudi, na hulipwa kwa M-Pesa kwa awamu mbili bila kusumbuana. Gari hufika getini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na likichelewa kwa sababu ya foleni ya Jogoo Road, ujumbe hutumwa mapema. Dereva ni mtu mzima mtulivu asiyeshindana na matatu, sifa ambayo kwa Nairobi si ndogo. Gari limepakwa manjano kama sheria inavyotaka, mikanda inafunga, na matroni hushuka kumvusha kila mtoto barabara. Kwa upande huo sina lalamiko, na mtu akitaka tu mwanawe afike shuleni akiwa mzima wa viungo, huduma hii inamtosha.

Ila mtoto hafiki shuleni akiwa viungo vitupu. Kutoka Umoja hadi South B, kwa foleni zetu, safari huchukua karibu saa moja asubuhi, na jioni mara nyingi huzidi hapo, maana yake ni kwamba mtoto huishi humo garini muda mrefu kuliko anaokaa na mwalimu wake wa Hisabati. Darasani kuna mwalimu, uwanjani kuna mwalimu wa zamu, lakini garini kuna dereva anayetazama mbele na matroni anayehesabu vichwa. Watoto wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Yanayotokea kwenye viti vya nyuma ndiyo yanayoamua mtoto ataingia darasani na moyo gani, na ndiyo yanayoamua kama Jumapili jioni atapanga vitabu vyake akiimba au atalalamika kwamba tumbo linamuuma.

Kwetu tumbo lilianza kuuma muhula wa pili. Dalili nyingine zilifuata polepole: chapati zilirudi nyumbani kama zilivyofungwa, na siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia aliomba tusimpikie keki ya kupeleka shuleni, akasema kwamba siku hizi watu hawali keki. Dalili iliyonigusa zaidi ilikuwa kimya. Mtoto huyu alikuwa akirudi jioni na habari za gari zima, nani alitapika wapi, dereva alimwambia nini askari wa trafiki, nani amepoteza sweta kwa mara ya tatu, na akawaigiza wote sebuleni kabla ya kuvua viatu. Ghafla jibu la kila swali likawa "sawa tu". Alama zake hazikushuka hata kidogo, na hapo ndipo watu wazima tunapohadaika, kwa sababu ripoti ya shule ina safu ya Kiingereza, ya Sayansi na ya Sanaa lakini haina safu ya furaha, na mwalimu anayeona mtoto anafaulu huandika kwa nia njema kabisa kwamba anaendelea vizuri.

Aliyeligundua jambo lenyewe ni matroni wa gari, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika tathmini hii. Alinieleza getini, kwa sauti ya chini, mambo aliyokuwa akiyaangalia kwa muda. Gari huanzia Umoja, kwa hiyo watoto wa Umoja ndio wanaochagua viti. Msichana mmoja anayepanda huko, mchangamfu na mwenye kupendwa, alikuwa na desturi ya kuwawekea wenzake viti kwa kutandaza mabegi. Binti yangu alipopanda Donholm, alisimama mlangoni akatazama nyuma. Alipokisogelea kiti cha kwanza aliambiwa, "Kuna mtu." Kwenye kiti cha pili aliambiwa hivyo hivyo, kwa adabu kamili, bila kelele wala tusi. Akarudi mbele akakaa kwenye kile kiti cha kukunja kando ya mlango, ambacho humlazimu anayekikalia kuinuka kila mtoto anapopanda au kushuka. Buruburu walipanda watoto wawili, ilhali viti vilivyowekewa watu vilikuwa vinne. Viti viwili vikaenda hadi South B vikiwa vimekaliwa na mabegi.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa pia. Jioni, ambapo wote hupandia shuleni kwa pamoja na hakuna aliyetangulia, mpangilio haukubadilika, kwa kuwa kufikia hapo kiti cha kukunja kilikuwa kimeshakuwa chake.

Sisi Wakenya tunaujua uonevu wa aina moja vizuri mno. Mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni ana hadithi ya mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, aliyeamshwa usiku kufua nguo za wakubwa, na hadithi hizo huwa tunazisimulia kwenye sherehe huku tukicheka, kana kwamba zilikuwa za kuchekesha wakati zinatendeka. Kwa kuwa kipimo chetu ndicho hicho, mtoto wa shule ya kutwa anayesema hakuna anayetaka kukaa naye huonekana analeta deko. Hakuna alama mwilini wala sweta lililochanika, na hata tusi la kumripotia mwalimu halipo. Mtoto mwenyewe hana sentensi ya kushtakia, kwani atasema nini? Kwamba aliambiwa kuna mtu?

Hata hivyo, jambo hili limechunguzwa na watu makini kwa muda mrefu. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norway na anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa utafiti wa uonevu shuleni, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: ni wa makusudi, unarudiwarudiwa, na kati ya anayeutenda na anayetendewa kuna tofauti ya nguvu. Nimeyapitisha yote matatu kwenye gari letu na hakuna lililokosekana. Nguvu humu haikutokana na misuli wala na umri, maana wasichana wote wawili wako Gredi ya 5 na binti yangu ndiye mrefu. Ilitokana na ramani ya njia, yaani aliyepanda kituo cha kwanza ndiye mwenye viti. Olweus mwenyewe aliuhesabu utengaji wa kimyakimya kuwa uonevu kamili, sawa na kipigo na matusi.

Kuna na jaribio la Kipling Williams na wenzake, ambapo mtu huketi mbele ya kompyuta akarushiana mpira na wachezaji wawili anaodhani ni watu, kisha baada ya mirusho michache mpira hauji kwake tena. Mwaka 2003, Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Williams walichapisha katika jarida la Science picha za ubongo wa watu wazima waliofanyiwa hivyo, na baadhi ya sehemu zilizochangamka ni zile ambazo pia huhusika na kero ya maumivu ya mwili. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba watu huumia hata wanapoambiwa mapema kuwa wanaocheza nao si watu bali ni kompyuta. Ikiwa mtu mzima huumia kwa dakika chache kwa kunyimwa mpira usiokuwepo na kompyuta isiyomjua, basi tumbo la mtoto wa miaka kumi linalouma Jumapili jioni si uongo. Na kwa wanaosema mtoto atasahau, Waingereza waliwafuatilia watu waliozaliwa katika wiki moja ya mwaka 1958 hadi wakafika miaka 50, na waliokuwa wakionewa mara kwa mara walipokuwa na umri wa miaka 7 na 11 walionekana, takriban miaka arobaini baadaye, kuwa na afya dhaifu zaidi ya akili na kutoridhika na maisha yao kuliko wenzao.

Sasa nirudi kwa matroni. Aliniambia hivi: "Mama, usimwambie mtoto kitu, na usimpigie mama ya yule mwingine. Niachie wiki hii." Nilimwachia kwa shingo upande, kwa sababu kidole tayari kilikuwa kwenye simu.

Hakufanya baraza garini, hakumsimamisha yeyote aombe msamaha mbele ya wenzake, na binti yangu hakugeuzwa mtu wa kuhurumiwa. Alibandika nyuma ya kiti cha dereva karatasi ya manila yenye orodha ya viti iliyochorwa kwa rula, majina kwa penseli, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo viti vitazunguka kila Jumatatu na begi litakaa miguuni. Kiti cha kukunja nacho kiliingizwa kwenye mzunguko, hata kwa wakubwa wa Gredi ya 8, na yeyote aliyekikalia wiki hiyo ndiye aliyekabidhiwa daftari la kuita majina, kwa hiyo kiti kilichokuwa adhabu kikawa na cheo. Kisha akazungumza, mmoja mmoja na kando, na watoto watatu ambao hawakuwa wamefanya lolote. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Watoto hao walikuwa wakiyaona yote na kunyamaza kwa kuogopa zamu yao isifike, naye aliwaomba jambo dogo tu, wamwambie binti yangu habari za asubuhi kabla hajakaa.

Nchini Finland kuna mpango wa shule uitwao KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku chini ya Christina Salmivalli na kusambazwa kwa shule nyingi za nchi hiyo kuanzia mwaka 2009, na msingi wake mkubwa ni huohuo: kuwageukia watazamaji, kwa sababu anayetenga wenzake huishi kwa kutazamwa, na watazamaji wakibadilika hana tena jukwaa. Matroni wetu hajawahi kuusikia mpango huo. Nilipomuuliza alikojifunzia alisema amelea watoto sita wa ndugu zake kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Furaha haikurudi kwa mkupuo. Wiki ya kwanza binti yangu aliikalia nafasi yake mpya bila kumgusa jirani, mgongo wima, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye kochi lenye plastiki. Kilichofuata ni chapati kuanza kuliwa, kisha jina moja likatajwa mezani, kisha mawili, na jioni moja akaingia akaigiza jinsi dereva alivyobishana na mwenye mkokoteni kwenye Enterprise Road, sauti zote mbili, hadi jirani akagonga ukuta. Sisemi kwamba amekuwa rafiki wa yule msichana wa Umoja. Hawajawa marafiki, na sioni kwa nini ilazimu. Kinachotakiwa ni kwamba awe na pa kukaa na mtu wa kumjibu salamu. Yule msichana naye hakuvunjiwa heshima, aliendelea kupanda na kuzungushwa kama wote, na ninashukuru, maana nimekuja kujua kwamba mwaka uliotangulia, katika gari jingine, yeye ndiye aliyekuwa akikaa peke yake.

Kama tathmini ingeishia hapa ningempa mwenye huduma nyota zote tano, lakini kazi hiyo yote ilikuwa ya mfanyakazi mmoja wala haikuwa ya kampuni. Muhula uliofuata matroni alichukua likizo ya uzazi, akaletwa kijana aliyeshinda na simu yake, karatasi ya manila ikang'olewa na kufutiwa kioo, na katika siku chache mabegi yakarudi vitini. Safari hii aliyeangukia kiti cha kukunja alikuwa mvulana wa Gredi ya 2, mgeni aliyehamia kutoka Mombasa, aliyekuwa akichekwa kwa namna anavyosema. Binti yangu ndiye aliyeniletea habari hiyo. Nilipompigia mwenye magari, jibu lilikuwa, "Madam, hao ni watoto tu, watazoeana." Nilipouliza shuleni, nikaambiwa kwa upole kwamba gari si la shule na yaliyo nje ya geti ni ya mwenye gari. Mwenye gari, nilipomrudia, alisema nidhamu ni kazi ya shule.

Kwa maandishi tuna ulinzi wa kutosha. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila namna, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumsumbua mwanafunzi kiakili, na tuna Sheria ya Watoto ya 2022. Lakini kati ya geti la nyumbani na geti la shule mtoto yuko mikononi mwa mtu ambaye mkataba wake, niliousoma mstari kwa mstari, unazungumzia mafuta, karo na vitu vilivyopotea, na hauna neno hata moja juu ya namna watoto watakavyotendeana. Gharama ya kurekebisha hilo ni karatasi na penseli.

Kosa la pili la kampuni ni la hesabu. Mwanzo wa kila muhula gari hupakia watoto kuliko viti, hivi kwamba watatu hubanana mahali pa wawili, mpaka wazazi walalamike ndipo gari la ziada liletwe. Wengi hulitazama hili kama suala la usalama tu, na ni kweli ni hatari, lakini pia ndilo shamba linalootesha utengaji. Viti vinapokuwa haba, kuwa na rafiki wa kukuwekea kiti huwa mali, na mali hulindwa kwa kuwafungia wengine nje. Gari lenye kiti kwa kila mtoto huwanyima watoto silaha hiyo kabla hawajaishika. Tuseme pia juu ya muziki wa jioni, ambao chini ya yule kijana ulikuwa wa maneno ambayo singependa kuyaandika hapa.

Kwa mzazi ambaye jambo lake limekwisha kuvuka viti na mabegi, kwamba mtoto anapigwa, anatishwa, au ameanza kusema hataki kuishi, asisubiri matroni wala mwenye gari. Nambari 116, ya simu ya kuwasaidia watoto, ni ya bure, hupokelewa saa 24, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ninashauri iandikwe ndani ya jalada la daftari lake, kwa sababu iliyohifadhiwa kwenye simu ya mzazi huenda asiifikie.

Alama zangu: barabarani tano kati ya tano, bei nne, malezi ya watoto safarini tano alipokuwepo matroni na moja alipokuwa hayupo, ambayo nikiiweka pamoja inatoka tatu kwa malezi hayo. Matroni amesharejea na manila mpya imebandikwa, jambo lililonifanya nilipie muhula unaokuja, ila safari hii nililipa awamu ya kwanza tu na nikamwandikia mwenye magari kwamba ya pili ataipata orodha ya viti ikiwa imo kwenye mkataba, pamoja na jina la atakayeisimamia matroni asipokuwepo. Wazazi wengine wa Donholm wametuma ujumbe huohuo. Amejibu kwamba atalifikiria, na muhula unafunguliwa Jumatatu.